Saa Tisa na Dakika Arobaini

Barua ilikuja Jumanne, fupi kuliko risiti:
Mpendwa mteja, ifikapo tarehe thelathini na moja
huduma itasitishwa. Asante kwa safari tuliyosafiri pamoja.
Safari gani? Sijatoka Tartu tangu mwaka juzi.

Februari mosi nyumba ikaamka bubu.
Birika lipo, waya upo, umeme upo,
bili ndiyo kwanza nimelipa,
lakini nikisema, "Lumi, chemsha maji,"
kile kispika cheusi juu ya friji
kinazungusha duara lake la rangi ya chungwa,
kinazungusha, kinazungusha,
kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Lumi kwa lugha yetu ni theluji.
Tungejua tangu mwanzo.

Nje, digrii ishirini chini ya sifuri.
Sebuleni joto limeganda kwenye kumi na nne,
kwa kuwa kumi na nne ndilo neno la mwisho
waliloambizana, ukuta na wingu.

Mjukuu wangu Rasmus akaja na kompyuta yake.
"Bibi, vitu ni vizima. Wingu ndilo limefungwa."
Limefungwa! Miaka thelathini na nne
nimefundisha jiografia, nimechora mawingu ubaoni,
ya mvua, ya mawe, ya kupita tu,
na sikuchora hata moja lenye mlango.
"Kumbe taa ya jikoni ilikuwa inaomba ruhusa huko?"
"Kila mara, Bibi. Ilikwenda Ayalandi na kurudi."
Taa iliyo hatua nane kutoka kitandani mwangu.

Nguo ya kuazima haisitiri matako, sawa,
lakini hii hatukuazima.
Hillar aliinunua, tena taslimu;
risiti ninayo, ndani ya bati la biskuti,
pamoja na vifungo na meno yake ya bandia.

Jambo moja sikumwambia Rasmus.

Hillar alikuwa mwoka mikate.
Aliondoka mji ukiwa umelala,
akarudi na unga wa shayiri nyeusi kwenye nyusi.
Siku alipozifunga taa hizi, kitu cha kwanza alichozifundisha
ni kuwaka jikoni saa tisa na dakika arobaini za usiku,
asije akajikwaa kwenye kiti, asije akaniamsha.
Akastaafu. Taa haikuambiwa.
Akafa. Taa haikuambiwa.
Kila usiku, mstari mwembamba wa mwanga chini ya mlango,
dakika ishirini, kisha giza,
kana kwamba mtu amemaliza kahawa yake akaenda kazini.

Virve wa ng'ambo ya barabara aliniuliza kama silali.
Nikamjibu ni hitilafu ya mitambo.
Hitilafu hiyo nilikuwa naijua
jina la ubatizo na la ukoo.

Fomu yao ya malalamiko ina visanduku vitatu:
kifaa, namba ya kifaa, tatizo.
Kwenye cha tatu niliandika, nikafuta,
nikaandika tena: taa haiwaki.
Ikanijibu papo hapo kwamba hakuna anayesoma.

Jumamosi Rasmus alivichomoa vyote,
akavipanga kwenye boksi la ndizi,
kufuli lililosahau vidole vyangu, spika, birika,
akavipeleka zinakotupwa taka za umeme.
Akaniwekea swichi ya plastiki. Yuro tatu.
Inalia ta! kama mtoto mkaidi,
na haimuulizi mtu.

Usiku wa kuamkia leo niligutuka.
Chini ya mlango, hakuna mstari.
Nikapapasa saa ya mkononi, ile ya kutia ufunguo:
tisa na dakika arobaini na moja.
Mwili wangu, inaonekana, haukuipata barua.

Nikakaa ukingoni mwa kitanda kidogo.
Kisha nikaenda jikoni, bila viatu, bila taa,
nikajikwaa kwenye kiti.